Nafsi ya Ualimu: Kumchunguza Mwalimu Mpya kwa Njia ya Maigizo

Utangulizi

Mwanachuo amalizapo mafunzo yake huondoka chuoni akiwa na mengi mkononi. Anajua kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Anajua kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira ya shule. Amesoma saikolojia ya watoto, na amekwisha kukaguliwa na wakufunzi wake wakati wa mazoezi ya kufundisha. Hata hivyo, majuma machache ya kwanza kazini humletea swali ambalo halimo katika muhtasari wowote wa masomo: Mimi ni mwalimu wa namna gani?

Swali hili aghalabu halimjii kwa maneno. Humjia asubuhi anapokuta wanafunzi waliochelewa wamepangwa mstari mbele ya ofisi, na walimu wenzake wanamtazama waone atafanya nini. Humjia anapoulizwa darasani jambo asilolijua. Humjia anapokwenda dukani kijijini, naye ni kijana wa miaka ishirini na miwili, mzee wa umri wa babu yake akampisha kwenye foleni na kumwita "mwalimu". Kila mara kati ya hizo hulijibu swali kwa kitendo kabla hajapata nafasi ya kulifikiri. Na vitendo hivyo vikirudiwa kwa mwaka mmoja au miwili huwa ndiyo tabia yake ya kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kulichunguza swali hilo, yaani utafiti kwa njia ya maigizo. Hoja yetu ni kwamba, kwa kuwa mwalimu mpya hulijibu swali la nafsi yake kwa mwili, kwa sauti na kwa mahali anaposimama, utafiti unaotegemea karatasi peke yake hauwezi kulifikia jibu lote. Hauna budi kusaidiwa na utafiti unaomwezesha kutenda tena, kusimama, kujitazama, na kujaribu kuwa mwalimu wa namna nyingine. Tutaanza na maana ya nafsi ya ualimu, kisha tutaeleza asili ya njia hii, hatua zake, mfano wake, na tahadhari zake.

Nafsi ya ualimu ni nini?

Kwa maneno "nafsi ya ualimu" tunakusudia picha aliyonayo mwalimu juu yake mwenyewe kama mwalimu: anajiona kuwa nani, anataka aonekane kuwa nani, na wengine wanamchukulia kuwa nani. Picha hii haifanani na ujuzi. Walimu wawili waweza kuwa na ujuzi uleule wa kufundisha hesabu za sehemu, mmoja akajiona mlezi, na mwenziwe akajiona askari wa zamu.

Picha hii huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1975 Dan Lortie, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake juu ya walimu wa shule kwamba ualimu una jambo la pekee miongoni mwa kazi: kila anayeingia katika kazi hiyo amekwisha kuwatazama wenye kazi kwa maelfu ya saa, akiwa mwanafunzi. Aliwaona wakitenda, lakini hakuona sababu za kutenda kwao. Kwa hiyo mwanachuo haji chuoni mtupu. Huja na walimu wake wa zamani ndani yake: sauti zao, mwendo wao, na hata jinsi walivyoshika chaki. Naye Frances Fuller wa Chuo Kikuu cha Texas alieleza mwaka 1969 kwamba wasiwasi wa mwalimu anayeanza hulenga kwanza nafsi yake: Je, nitaliweza darasa? Je, wananikubali? Wasiwasi juu ya maendeleo ya wanafunzi hushika nafasi ya mbele baadaye. Hali hiyo haitokani na ubinafsi. Mtu ambaye bado hajajua amesimama wapi hawezi kumtazama vizuri aliye mbele yake.

Katika nchi yetu ya Tanzania picha hiyo ina uzito wake. Neno "mwalimu" ni cheo cha heshima ambacho taifa zima lilimwita Rais wake wa kwanza, Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Lakini kando ya heshima hiyo yamekuwapo majina mengine. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, vijana wengi waliomaliza shule za msingi waliandaliwa kuwa walimu huku wakiendelea kufundisha, na "mwalimu wa UPE" likawa jina ambalo baadhi ya watu walilitamka kwa dharau, ijapokuwa bila vijana wale mamilioni ya watoto wasingepata wa kuwafundisha. Katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa haraka, vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache walipachikwa jina la "vodafasta", la kejeli, lililotokana na huduma ya kuongeza salio la simu upesi. Mwalimu mpya basi hukuta majina yamemtangulia, naye hana budi kuyakubali, kuyakataa au kuyajibu. Kazi hiyo yote, tangu kuwakumbuka walimu wa zamani hadi kuyajibu majina ya watu, ndiyo tunayoiita kujenga nafsi ya ualimu.

Kwa nini karatasi haitoshi?

Mtafiti atakaye kuijua nafsi hiyo kwa kawaida hutumia hojaji au mahojiano. Njia hizi zina manufaa yake, wala hatusemi ziachwe. Lakini zina upungufu wa aina mbili.

Upungufu wa kwanza ni kwamba mwalimu mpya anajua jibu linalotakiwa. Akiulizwa kama anapenda wanafunzi washiriki katika somo, atajibu ndiyo. Akiulizwa juu ya viboko, atajibu kama alivyofundishwa. Hasemi uongo kwa kusudi, ila anamjibu mkufunzi, na mkufunzi ndiye aliyekuwa akimpa alama mwaka uliopita. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya jinsi watu wanavyojionyesha katika maisha ya kila siku, aliyalinganisha maisha na jukwaa lenye sehemu ya mbele, watazamaji wanakoona, na sehemu ya nyuma, waigizaji wanakopumzika. Hojaji aghalabu hutuletea habari za sehemu ya mbele. Lakini nafsi ya mwalimu mpya hutengenezwa kwa wingi katika sehemu ya nyuma: ofisini saa ya chai, chini ya mwembe, na njiani kurudi nyumbani.

Upungufu wa pili ni kwamba mambo mengine mtu huyajua bila ya kuweza kuyasema. Mwalimu aweza kuandika kurasa tatu juu ya mbinu shirikishi, na asijue kwamba kila mwanafunzi akosapo yeye hurudi nyuma hatua moja kuelekea ubaoni. Hatua hiyo haimo katika maneno yake, nayo yaonekana tu anapotenda.

Asili ya njia ya maigizo

Kutumia uigizaji ili kumwingiza mtu katika hali mpya si jambo geni kwetu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, jando na unyago vilitumia ngoma, nyimbo na maigizo kumfundisha kijana cheo alichokuwa akikiingia. Wazee walijua kwamba cheo hakiingii kwa kuambiwa tu, na ya kuwa mwili sharti ukizoee.

Katika utafiti, njia hii ina mikondo kadhaa. Mbrazili Augusto Boal alishiriki mwaka 1973 katika kampeni ya kufuta ujinga nchini Peru, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake juu ya maonyesho ya wanyonge. Yeye aliondoa ukuta kati ya mwigizaji na mtazamaji: mchezo wenye tatizo huonyeshwa mara ya kwanza hadi mwisho wake mbaya, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote aweza kuusimamisha, akachukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Hapa Tanzania, mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya katika Mkoa wa Mwanza. Wanakijiji waliyachambua matatizo yao wenyewe, wakayaonyesha kwa ngoma na maigizo ya kwao, kisha wakayajadili. Mradi wa Tuseme ulioanza mwaka 1996 uliipeleka njia hiyo katika shule za sekondari, ili wasichana wayatambue na kuyasema yanayowazuia katika masomo. Huko Marekani, Johnny Saldaña wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona aliendeleza mkondo mwingine, ambao habari zilizokusanywa kwa mahojiano hupangwa kuwa mchezo wa jukwaani. Mwaka 2005 alitoa mkusanyo wa michezo ya aina hiyo.

Hapa yafaa tutofautishe njia hii na jambo linalofahamika sana vyuoni, yaani mafundisho madogo ya majaribio, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Katika mafundisho hayo mwanachuo hufundisha wenziwe dakika chache, kisha hukosolewa. Swali lake ni: Je, amefanya vizuri? Utafiti kwa njia ya maigizo huuliza jambo jingine: Anapofanya hivi, anakuwa nani, na kwa ajili ya nani? Mkufunzi asiyeishika tofauti hii ataanza kutoa alama pale alipotakiwa kutazama.

Hatua za kazi

Hatua tunazozipendekeza ni sita. Chuo chochote chaweza kuzifuata, maana hazihitaji zaidi ya chumba kitupu, daftari, na pengine kinasa sauti.

Hatua ya kwanza ni kuunda kikundi. Watu kumi hadi kumi na watano wanatosha: wanachuo waliorudi kutoka mazoezi ya kufundisha, au walimu wa mwaka wa kwanza kazini walio katika shule za karibu. Washiriki waingie kwa hiari, na mkufunzi anayewapa alama asiwe ndiye msimamizi.

Hatua ya pili ni kukusanya visa. Kila mshiriki asimulie kisa kimoja kifupi cha siku aliyojiuliza kama yeye ni mwalimu kweli. Visa vya ushindi na vya aibu vipokelewe sawa. Mwandishi wa kikundi aviandike kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, bila ya kuyasafisha.

Hatua ya tatu ni sanamu. Msimulizi huwatumia wenziwe kama udongo wa mfinyanzi: huwapanga kimya kimya katika hali ya kisa chake, nani amesimama, nani ameketi, nani anamtazama nani. Kisha hujiweka mwenyewe mahali pake. Kikundi kiseme kwanza kinachoona, kabla ya kusema kinachofikiri. Hatua hii isirukwe, kwani huwasaidia hata wale wenye haya ya kuigiza, na mara nyingi hufunua mengi kuliko maneno.

Hatua ya nne ni kuigiza kisa kama kilivyotokea, kwa dakika tano au kumi, bila ya kukirekebisha.

Hatua ya tano ni kusimamisha na kuingilia. Kisa hurudiwa, na mshiriki yeyote aweza kupiga makofi, mchezo ukasimama, naye akaichukua nafasi ya mwalimu mpya na kujaribu jambo jingine. Wahusika wengine wasimrahisishie. Mwalimu mkuu aendelee kuwa mwalimu mkuu, na mwanafunzi mtundu aendelee na utundu wake.

Hatua ya sita ni kuandika, kuchambua na kuwarudishia wenyewe. Juu ya hatua hii tutasema zaidi baada ya mfano.

Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina ambayo walimu wengi watautambua. Mwalimu mpya amepangiwa zamu kwa mara ya kwanza. Wanafunzi tisa wamechelewa. Mwalimu wa nidhamu, mtu mzima aliyefundisha miaka ishirini, anamkabidhi fimbo na kumwambia, "Anza wewe, wakujue." Walimu wengine wamesimama dirishani. Mwalimu mpya anapiga, wanafunzi wanaingia darasani, na mambo yamekwisha.

Katika sanamu, kikundi chaweza kuona jambo moja la ajabu: mwalimu mpya aliyeinua fimbo hamtazami mwanafunzi. Macho yake yako dirishani. Akiulizwa fimbo ile alikuwa akimpiga nani, huenda akanyamaza kwa muda kabla ya kujibu. Kwa mtafiti, kunyamaza huko ni habari ya kuandikwa. Kitendo kilichoonekana kuwa ni cha nidhamu ya watoto, kwa hakika kilikuwa ombi la kupokewa na wakubwa. Hojaji juu ya adhabu isingeuliza juu ya dirisha.

Mchezo unarudiwa. Mshiriki wa kwanza anaingilia, anakataa fimbo na kutoa hotuba juu ya haki za mtoto. Anakumbusha, na ni kweli, kwamba kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka mamlaka ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kwamba visizidi vinne. Mwalimu wa nidhamu anacheka: "Hayo ni ya chuoni." Dirishani nako wanacheka. Mshiriki yule anabaki peke yake uwanjani, kanuni anayo, ila hana mtu. Kikundi kinajifunza kwamba kuwa na haki hakutoshi kumfanya mtu awe mwalimu katika shule ile.

Mshiriki wa pili anaingilia. Anaipokea fimbo kwa mikono miwili, anaiweka kwapani, kisha anamwuliza kila mwanafunzi sababu ya kuchelewa. Mmoja alikwenda kuteka maji mbali. Mwingine alichelewa kwa kucheza njiani. Anawapeleka darasani na kuandika majina yao. Kisha anamwendea mwalimu wa nidhamu faraghani: "Shikamoo, mwalimu. Naomba zamu hii uniachie siku tano nijaribu njia nyingine. Ikishindikana, utanielekeza." Anayeigiza mwalimu wa nidhamu anasita. Hana cha kucheka, maana ameheshimiwa. Wala hana cha kukataa, maana ameombwa siku tano tu.

Isidhaniwe kwamba hapo jibu limepatikana. Mshiriki wa tatu aweza kusimamisha na kuuliza: Na siku ya sita? Na wanafunzi wale wakija kesho wakichelewa tena huku wakitabasamu? Kikundi kiendelee. Lakini jambo moja limekwisha kuonekana, na ndilo tunalotaka msomaji alishike: mwalimu mpya hajengi nafsi yake peke yake mbele ya wanafunzi. Huijenga pia mbele ya wakubwa wake wa kazi, na adabu ya kuzungumza nao ni sehemu ya ujuzi wa ualimu ambayo vyuo havikuiandikia somo.

Kabla ya kumaliza, mwenye kisa abadilishwe nafasi, awe mwanafunzi wa tisa katika mstari. Akiwa pale, mikono nyuma, akingoja zamu yake, mara nyingi mtu hukumbuka mstari mwingine, wa shule aliyosoma yeye, na mwalimu aliyeshika fimbo siku ile. Maelezo ya Lortie juu ya saa nyingi za kutazama hapo huacha kuwa nadharia, na mshiriki hutambua ni mwendo wa nani alioubeba bila ya kujua.

Njia hiyohiyo yafaa kwa visa vingine. Mathalani, mwalimu wa fizikia wa sekondari hufundisha kwa Kiingereza mkaguzi awapo mlangoni, na kwa Kiswahili mlango unapofungwa. Kisa hiki kikiigizwa mara mbili mfululizo, mlango wazi na mlango umefungwa, kikundi kitazame mwili wa mwalimu katika hali zote mbili: sauti ilipanda lini, mikono ilifunguka lini, wanafunzi waliinua vichwa lini. Kisha aulizwe ni yupi kati ya walimu hao wawili anayemwona kuwa ni yeye, na sababu ya kumwona mwingine kuwa ni mwizi wa muda.

Kuchambua yaliyopatikana

Kuigiza peke yake si utafiti. Kinachoufanya uwe utafiti ni swali lililotangulia, kumbukumbu zilizoandikwa, na uchambuzi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine.

Kwa kila kisa mwandishi aweke kumbukumbu za aina tatu, kila aina katika ukurasa wake: maneno yaliyosemwa, mambo ya mwili, yaani mahali, mwendo, macho, mikono na ukimya, na mazungumzo ya kikundi baada ya mchezo. Kisha watafiti wasome kurasa hizo pamoja na kutafuta mahali zinapopingana. Mshiriki aliyesema "sikuogopa" huku sanamu yake imejikunja hakudanganya; ametupatia mambo mawili juu ya nafsi yake, na kazi yetu ni kueleza yanavyokaa pamoja.

Baada ya hapo visa vilinganishwe. Je, katika visa vingapi mtazamaji mkuu wa mwalimu mpya alikuwa ni mwalimu mwenziwe, wala si mwanafunzi? Ni nani anayeitwa kwa jina, na ni nani anayeitwa "wewe mgeni"? Ni njia zipi zilizojaribiwa mara nyingi na zote zikashindwa? Hizo zilizoshindwa zitazamwe kwa makini zaidi, kwa sababu zaonyesha mahali ambapo tatizo si la mwalimu mpya peke yake, ila ni la shule yenyewe: idadi ya wanafunzi darasani, nyumba za walimu, au desturi ya ofisi.

Mwisho, matokeo yarudishwe kwa walioyatoa. Yaweza kuwa ni maandishi, au mchezo mfupi uliopangwa kutokana na visa kadhaa, ukaonyeshwa mbele ya walimu wakuu na wakufunzi. Washiriki waulizwe: Je, ndivyo? Sehemu watakayosema "sivyo" ichunguzwe upya, wala isitetewe.

Tahadhari

Njia hii ina hatari zake, na mkufunzi asiyezijua asiianze.

Kwanza, yaliyoonekana katika maigizo yasiingie katika alama wala katika taarifa ya mwenendo wa mwanachuo. Mkufunzi akitumia hata mara moja tu kitu alichokiona humo kumhukumu mtu, washiriki wataanza kuigiza mwalimu wa kwenye kitabu, na utafiti utakuwa umekufa.

Pili, siri za watu zilindwe. Visa hutaja walimu wakuu, wazazi na wanafunzi halisi. Majina, shule na vijiji vibadilishwe tangu katika daftari la kwanza, na kisa kisionyeshwe nje ya kikundi bila ya ridhaa ya mwenyewe.

Tatu, kuna hatari ya kichekesho. Watazamaji wetu wanapenda vichekesho, na mwalimu mkali mwenye kitambi na miwani hupata makofi upesi. Kicheko chafaa pale kinapolegeza woga. Lakini mhusika akifanywa katuni hakuna tena cha kuchunguza. Msimamizi amwulize anayemwigiza mwalimu wa nidhamu: Mtu huyu anaogopa nini? Akipata jibu, katuni hugeuka mtu.

Nne, baadhi ya visa vina maumivu. Mshiriki aweza kusimamisha kisa chake wakati wowote bila ya kutoa sababu, na kila kikao kimalizike kwa kukaa chini na kuzungumza kwa utulivu.

Tano, tusidai kupita kiasi. Aliyoyafanya mtu katika chumba cha maigizo siyo hakika ya atakayoyafanya kesho darasani. Maigizo yatuonyesha yale anayoyaona kuwa yawezekana kwake. Basi yalinganishwe na ukaguzi wa darasani na mahojiano, ili kila njia isahihishe nyingine.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwalimu mpya hujenga nafsi yake ya kazi kwa vitendo vidogo vya kila siku, vingi vikifanyika mbele ya macho ya wenziwe, na kwamba maigizo huvirudisha vitendo hivyo mahali vinapoweza kutazamwa. Kwa mtafiti, faida ni kupata habari ambazo karatasi haizifikii. Kwa mwalimu mpya, faida ni kubwa zaidi: anagundua kwamba lile alilodhani ni tabia yake lilikuwa ni uchaguzi, na kwamba palikuwapo uchaguzi mwingine.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwalimu mpya naye hawezi kuuona mgongo wake akiwa ubaoni; anahitaji wenziwe wamwonyeshe, kwa upendo na bila ya kumwekea alama. Vyuo vyetu vina kumbi, vina vijana wanaojua ngoma, ngonjera na michezo ya kuigiza, na kila mwaka hupokea makundi ya wanachuo wanaorudi kutoka mazoezi ya kufundisha wakiwa na visa ambavyo hakuna aliyewauliza. Tunawahimiza wakufunzi wenzetu waanze na kikundi kimoja na kisa kimoja, juma la kwanza baada ya mazoezi ya kufundisha, kabla visa havijasahauliwa na fimbo haijazoea mkono.